Vitamu vya Dukani Kule Tokyo: Picha Mliziona, Sasa Nawapa na Yaliyobaki

Wengi mnakumbuka zile picha nilizoweka hapa mwaka juzi mwezi wa Novemba nikiwa Tokyo. Kila usiku picha moja. Leo keki ya kuviringisha, kesho mochi, keshokutwa pudini inatingishika kama shavu la mtoto. Mkanisifia mpaka basi. "Shoga umeula." "Bata la kimataifa hilo." Kuna mmoja akaandika kwamba mimi ndo nimefika, wenye digrii wabaki na digrii zao. Nilicheka peke yangu kitandani, tumbo linanguruma.

Sasa wiki iliyopita kuna binti kaniandikia inboksi. Ana miaka 21. Anasema zile picha ndo zimemfanya akubali safari, anakwenda nje na msanii, atakuwa anashika nguo kama nilivyoshika mimi, na anaomba orodha ya vitu vitamu vya kujaribu. Nimeisoma ile meseji mara tatu, nikaweka simu chini, nikaenda kuanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Orodha ninayo, na nitaitoa hapa hapa. Ila siwezi kuitoa yenyewe tu.

Kwa mliofika hapa juzijuzi: mi ni mtoto wa Paje, Unguja, naishi Mbagala kwa kaka yangu. Kidato cha nne nilipata divisheni foo, ya pointi ngapi tuache. Cherehani nilijifundisha kwa shangazi, na blogu nilijifundisha mwenyewe kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Nilikuwa nashona na kupanga nguo za jukwaani za mwanadada mmoja muimbaji. Jina lake sitaji, msiniulize, na mkianza kubashiri huko chini nafuta. Nitamwita Bosi. Akapata mwaliko wa kuimba kwenye shughuli ya watu wetu wanaoishi kule, shughuli moja, siku tisa kwenda na kurudi kupitia Doha. Makubaliano: hoteli na usafiri juu ya mwandaaji, posho dola 50 kwa siku. Dola 450! Nilimpigia mama siku hiyo hiyo nikamwambia bati za upande wa jikoni zimepatikana. Mama akasema inshallah. Mama yangu huwa hasemi zaidi ya hapo mpaka aione hela.

Siku ya kufika Bosi akatupa kila mtu yen 5,000, mimi na wale wacheza shoo wawili niliolala nao chumba kimoja. "Hizi za kuanzia, mwandaaji anamalizia kesho." Yen moja ilikuwa kama shilingi 17, kwa hiyo hapo nimeshika kama elfu 85. Kwa Mbagala hiyo ni hela. Kwa Tokyo, siku tisa, chakula juu yako, we piga hesabu mwenyewe.

Ndo nikaingia kwenye hayo maduka, na ndiyo yaliyonilea. Wao wanayaita konbini. Usifikirie supamaketi. Ni duka dogo, ukubwa wa maduka matatu ya Mangi yaliyovunjwa kuta za kati, linafanya kazi masaa 24, na yako zaidi ya elfu hamsini nchi nzima. Makubwa ni matatu: 7-Eleven, FamilyMart na Lawson. Hoteli yetu ilikuwa maeneo ya Ueno, nikisimama mlangoni naona mawili, nikikata kona nalikuta la tatu. Mle ndani mtu analipia umeme, anatoa hela kwenye mashine, anatoa kopi, anatuma mzigo, ananunua soksi na wali. Kumbe 7-Eleven yenyewe asili yake Marekani, ilianza Texas mwaka 1927 kwa kuuza barafu, ndo ikafunguliwa ya kwanza Tokyo mwaka 1974. Lawson nayo lilikuwa duka la maziwa huko Ohio, na mpaka leo kwenye nembo yao kuna dumu la maziwa. Mjapani akazichukua akazitia adabu.

Upande mmoja kuna friji refu lisilo na mlango, limejaa vitamu mwanzo mwisho. Shuleni walitufundisha neno "kitindamlo". Mi sijawahi kumsikia mtu akilisema mezani, kwa hiyo nitaendelea kusema vitamu.

Usiku wa kwanza nilikula shukurimu. Asili yake ni neno la Kifaransa, wao wamelikata likawa hivyo. Chukua andazi lililotuna ambalo ndani ni tupu, halafu lile tundu lote lijazwe kastadi na krimu ya baridi. Kama yen 160. Niling'ata kishamba, krimu ikatokea upande wa pili ikaingia kwenye mkono wa baibui. Ile picha yangu ya kwanza mliyoipenda, yenye mkono umefichwa, sababu ndo hiyo.

Kitu nilichokigundua mapema ni kwamba sukari yao ni ya kunong'ona. Sisi kitamu kisipokukereketa koo unaona umepunjwa. Kule unakula, unangoja utamu uje, ukishamaliza ndo unaukumbuka. Siku mbili za kwanza nilidhani wanabania. Siku ya tatu nikaanza kusikia maziwa yanavyokuwa maziwa na yai linavyokuwa yai.

Ila kabla ya hapo nilikwama. Usiku wa pili nimeshika kikombe cha kitu cheupe na matunda juu, kizuri huyo, nimefika nacho kaunta. Nikakumbuka kwamba vitu vya kuganda vinatiwa jelatini, na jelatini mara nyingi inatoka kwa nguruwe. Simu haina intaneti nje ya hoteli. Maandishi yote ni ya kwao. Nikasimama kama mlingoti. Kijana wa kaunta alikuwa anatoka Nepal, mwanafunzi, zamu ya usiku. Kwenye maduka yale utawakuta wengi kutoka Nepal na Vietnam. Kwa Kiingereza chake na changu, vyote viwili vya kuokoteza, tukaelewana. Akacheka akasema yeye hali nyama ya ng'ombe, kwa hiyo kusoma lebo alishakuwa fundi. Akageuza risiti akanichorea alama tatu: hii nguruwe, hii jelatini, hii pombe. Akaniambia mara nyingi wanaandika jelatini tu bila kusema ya mnyama gani, kwa hiyo ukiiona, rudisha. Na keki nyingi za kizungu zina kilevi kidogo ndani, angalia. Kile kikombe changu cheupe kikarudi kwenye friji.

Ile risiti ninayo mpaka leo nyuma ya kava la simu, wino umeanza kufifia. Binti yangu, kama unakwenda Japani na unachunga unachokula, hicho ndo kitu cha kwanza kwenye orodha, kabla ya keki yoyote.

Kwa hiyo nikawa mtu wa maharage. Usicheke. Vitamu vyao vya asili vingi vinatengenezwa kwa maharage madogo mekundu, azuki, yanachemshwa na sukari mpaka yanakuwa uji mzito unaoitwa anko. Dorayaki ni chapati mbili ndogo nene, laini, kati wameweka anko. Daifuku ni unga wa mchele wa kunata umefunika anko, ukivuta unavutika, ukiachia unarudi. Wenzangu wa chumbani walionja wakatema. "Maharage ya sukari, jamani!" Mi nikawaangalia tu. Kwetu Ramadhani tunapika maharage ya nazi, tunayatia sukari na iliki, watu wanafuturu. Nilipoing'ata ile dorayaki nilikuwa Paje kabisa, saa kumi na mbili na nusu, nangoja adhana.

Warabi mochi nayo niliijua kabla sijaijua. Ni ndugu yake halua. Vipande laini vinavyoteleza, ila haina mafuta wala haina zafarani, na juu wameinyunyizia kinako, unga wa soya iliyokaangwa, unanukia kama karanga za barabarani. Angalizo: usivute pumzi wakati unaipeleka mdomoni. Nilipaliwa nikakohoa mpaka chumba cha pili wakagonga ukuta.

Keki ya kuviringisha ya Lawson, ile maarufu waliyoitoa mwaka 2009, inalala chali na krimu tele katikati, unakula kwa kijiko. Nilionja kijiko kimoja tu cha mwenzangu kabla sijamaliza kuikagua lebo, kwa hiyo siwezi kuisema sana. Na kwa kuwa ilikuwa vuli, msimu wao wa majani kupukutika, kila friji lilijaa viazi vitamu na maboga: keki ya kiazi, pudini ya boga, krimu ya kiazi. Na karibu na kaunta kuna kiazi kitamu chenyewe kimechomwa na ganda lake, hakuna mbwembwe. Hicho ndo kilinishibisha kuliko vyote, na sikukipiga picha hata siku moja. Nani angependa picha ya kiazi?

Pudini wao wanaiita purin. Yai na maziwa, chini sukari iliyounguzwa, nyeusi, ina uchungu kidogo. Iko ya Glico ya tangu mwaka 1972, Pucchin Purin, chini ya kikombe ina kijiti: unageuza kikombe juu ya sahani, unavunja kijiti, hewa inaingia, pudini inashuka nzima nzima, pwaa. Mwenzangu alinunua, akaiteremsha kwenye kisahani cha chai cha hoteli, tukapiga makofi kama watoto. Mi nilikuwa nachukua ile ya kuokwa, ambayo inashikana zaidi kwa yai, na nikikagua lebo naikuta haina zile alama zangu tatu.

Sasa mtauliza, mtu mwenye njaa ananunuaje pudini? Hesabu yangu ilikuwa hivi. Mchana wali mfinyange wa samaki au wa mwani, ule wa pembe tatu, yen 150 na kitu. Usiku kitamu kimoja, bei hiyo hiyo, kina yai na maziwa, tena kina picha. Maana Bosi alishatuambia siku ya kwanza: "Posteni vitu vizuri. Watu waone tunakula bata, shoo zijazo ndo zinatoka hapo." Basi kitamu kilikuwa chakula cha usiku na kazi ya usiku kwa pamoja. Nyie mkawa mnakiona, mnaandika "umeula", nami nalala na maji ya bombani, kiuno kimebana mgongo. Mwandaaji kesho, mwandaaji keshokutwa. Shoo ikapita Jumamosi. Watu walikuwa wachache, sitaki kuwahesabu hapa.

Wakati huo huo Bosi naye anaposti. Mifuko ya Ginza. Kahawa ghorofani. Nikawa na kitu kifuani, jamani, sifichi. Kila nikimpigia pasi gauni nasema moyoni, huyu anakula hela yangu.

Usiku wa sita nikaamka saa nane kwa njaa. Nimebakiwa na yen 340. Nikavaa baibui juu ya nguo za kulalia, nikashuka FamilyMart. Mlango wao ukifunguka unapiga kale kamuziki, mtu yeyote aliyekaa Japani siku mbili anakajua. Mbele ya friji la vitamu kasimama mwanamke, kofia, barakoa, kichwa hakina wigi. Kashika purin kubwa. Akaigeuza akaangalia bei. Akairudisha. Akachukua ndogo.

Nilimjua kwa bega. Nguo zake zote nimezishona mimi, nalijua bega lake la kushoto linavyoshuka.

Nilitaka nirudi nje, kale kamuziki kakawa kameshanisemea. Akageuka. Tukaangaliana.

"Na wewe?" akasema.

"Na mimi, dada."

Akaenda kaunta akafungua kiganja, sarafu tupu, akawa anazihesabu moja moja za yen 10. Mi nikachukua ya kwangu. Kulikuwa na viti viwili dirishani vya kukalia, lakini kule ukilia ndani ya duka kodi ni asilimia 10, ukitoka nayo ni asilimia 8, nilishaambiwa na yule kijana wa Nepal. Tofauti ni yen mbili tatu. Tukatoka nayo.

Tulikaa kwenye ngazi za nyuma za hoteli, ghorofa ya tatu, baridi inatoka kwenye zege. Akaniambia bila mimi kuuliza. Mwandaaji alilipa tiketi za ndege na hoteli, basi. Yale malipo ya shoo alisema atatoa kwenye mlango, na mlangoni hamna kitu. Zile elfu tano tano alizotugawia zilikuwa akiba yake mwenyewe.

"Na mifuko ya Ginza?"

"Niliingia nikanunua leso moja, nikaomba mfuko mkubwa."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka pudini ikanitoka puani, naye akaanza kucheka, tukawa tunazibana midomo na mitandio kwa sababu ya wageni waliolala.

Halafu mi, kwa ile tabia yangu ya kukagua lebo, waifai ya hoteli inafika mpaka kwenye ngazi, nikaelekeza kamera kwenye kile kifuniko itafsiri. Maziwa, sukari, yai, na chini huko ikaleta neno la ajabu ajabu, kitu cha kugandisha. Nikatafuta. Mara nyingi hivyo vya kugandisha vinatoka kwenye mwani. Kimojawapo kinaitwa karagini, na hicho kinatoka kwenye aina hasa tunazolima sisi Unguja, spinosum na kotoni. Kinatiwa kwenye maziwa, aiskrimu, pudini, hadi dawa ya meno. Sisemi kwamba mle kwenye kikombe mlikuwa na mwani wa Paje, lebo haikutaja hata ni kipi kati yao. Lakini nilikishika kile kikombe kitupu kwa muda.

Nikamwambia Bosi, mama yangu anapanda huu. Tangu sijazaliwa. Mbegu zililetwa kutoka Ufilipino mwishoni mwa miaka ya 1980, wakaanzia pwani yetu ya mashariki, wanawake ndo wakaushika. Anaingia maji yakitoka, anafunga vijiti na kamba, anafunga na taitai moja moja, anarudi maji yakijaa, mgongo hauko sawa. Kotoni yenye bei siku hizi inaoza kwa joto la maji, kabaki na spinosum. Na mimi maisha yangu yote nikimuuliza, mama, huu mwani wanaufanyia nini huko, anasema, "Wanajua wenyewe."

Bosi akakaa kimya. Kisha akasema, na sauti yake ikabadilika, ile lafudhi ya kistaarabu ya redioni ikaondoka, ikabaki ya kwetu kabisa: "Wangu mimi kapanda miaka kumi na sita. Na yeye akisema vivyo hivyo. Wanajua wenyewe."

Miaka miwili nimemshonea. Kwenye mahojiano yote anasema kakulia mjini.

"Hii usiposti," akaniambia.

"Siposti."

Na sikuposti. Kesho yake nikaweka picha ya pudini nyingine, ya mwenzangu, nikaandika "usiku mtamu Tokyo". Mkaipenda kuliko zote.

Kwa hiyo ndo nilichowaficha. Sikuwaongopea kwamba ni vitamu, vitamu ni vitamu kweli. Lakini yule binti anaona zile picha anadhani nyuma yake kuna shibe.

Kabla sijaandika hii nilimpigia Bosi. Siku hizi hatufanyi kazi pamoja, ila salamu zipo. Nikamwambia nataka kuandika yote, na la ngazini. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Akasema, "Jina langu usitie. Na huyo mtoto mwambie achukue hela yake mkononi kabla hajapanda ndege, hata kama ni mimi ndo nimemchukua." Akakata. Posho yangu alinilipa nusu baada ya miezi minne, dola 225, kwa awamu. Nusu nyingine namdai, anajua, na simdai kwa ubaya. Mwandaaji simu yake haipatikani tangu siku ile, na huyo sina hata jina la kumficha.

Zile dola zilinunua bati za jikoni, si zote. Pamebaki upande mmoja wa makuti.

Nilipokuwa narudi, yen za mwisho, 140, nilinunua kipande kimoja cha yokan. Hii haina haja ya friji, imefungwa kwenye karatasi ndogo kama sabuni ya hoteli, inasafiri. Ni maharage yale yale mekundu na sukari, yamegandishwa kwa kanten. Na kanten ni mwani kweli, hapo hamna la kubahatisha, wameandika. Si aina yetu, ni mwani mwekundu mwingine, lakini wa baharini. Binti, hii ndo zawadi ya kumletea mtu nyumbani, wala haina alama zangu tatu.

Nilimpelekea mama Paje. Alikuwa ametoka kuanika, miguu imejaa mchanga. Nikamkatia kwa kisu. Akatafuna taratibu, kichwa upande.

"Halua," akasema. "Ila halua ya mgonjwa. Haina mafuta."

"Mama, hiyo imegandishwa kwa mwani."

Akaacha kutafuna. "Mwani huu?"

"Si huu hasa. Ndugu yake. Lakini wa kwako nao ndo wanaufanyia hivi hivi, wanaugandishia vyakula. Maziwa, aiskrimu."

Akakichukua kile kipande kilichobaki, akakiangalia kwenye mwanga, akakibonyeza na kidole. Kikarudi. "Bei gani hiki?"

Nikamwambia, kama elfu mbili na mia nne. Yeye wakati ule alikuwa anauza kilo ya mwani mkavu shilingi 700. Nilimwona midomo inacheza, anahesabu. Kilo tatu. Kilo tatu na chenji kidogo, kwa kipande kinachoenea kiganjani.

Nilingoja aseme wanajua wenyewe. Hakusema. Akala kile kilichobaki chote, hakumwachia hata mdogo wangu, akaipangusa ile karatasi kwenye kanga, akaikunja mara mbili, akaifunga kwenye pindo.

"Mama, karatasi ya nini?"

"Kesho kutwa anakuja yule bwana na mizani yake," akasema. "Nataka anisomee."